Utando Mweusi Juu ya Kioo

Miaka ile madukani Arua ungeweza kuzunguka asubuhi nzima usipate hata kipande cha sabuni. Ndipo nilipopewa kufundisha kemia katika shule ya wasichana, upande wa Ediofe. Nilikuwa nimetoka chuoni Kampala, na kuna jambo moja nililoliona huko ambalo halikunitoka akilini: kioo kilichotumbukizwa ndani ya dawa kikaota utando mwembamba, bila mashine yoyote, na utando ule ukapitisha umeme nusunusu, zaidi kwenye mwanga kuliko gizani. Nilitaka wasichana wangu wauone kwa macho yao.

Maabara yetu ilikuwa na chupa kuukuu ya chumvi ya risasi, yale madini mazito, na vile vioo vidogo vya hadubini. Kostiki soda haikuwapo. Thiourea pia haikuwapo, ule unga mweupe unaoachia salfa polepole. Tuliandika Kampala, hatukujibiwa.

Thiourea niliikuta kwa mpiga picha mmoja mjini, Mkongo aliyehamia Arua na mkewe. Yeye aliitumia kuzipa picha rangi ya kahawia.

"Madamu, hii dawa iko ya mwisho," aliniambia, akiutikisa mkebe.

"Basi nipe kijiko tu."

"Kijiko itasaidia nini? Watoto iko wengi. Chukua nusu. Mutu akitaka picha, nitamupa nyeusi na nyeupe."

Kostiki ilikuwa kwa shangazi yangu aliyekaa Koboko, aliyepika sabuni na kuuza. Jumamosi nilidandia lori nikaenda.

"Unataka kupika sabuni, mtoto yangu?"

"Hapana, shangazi. Nataka kuotesha kitu cheusi juu ya kioo."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi kila siku nafanya vitu iwe nyeupe, na wewe unasomea kufanya iwe nyeusi!" Lakini aliingia ndani, akanitilia kwenye kopo, akalifunga kwa kitambaa, akaniagiza nisiishike kwa mkono mtupu. Nilijua kwamba wiki ile angepika sabuni kidogo kuliko kawaida, na yeye hakulitaja jambo hilo.

Mara ya kwanza niliharibu. Kwa haraka yangu nilipasha dawa moto sana, nayo ikageuka tope jeusi mara moja. Tulipotoa kioo na kukisuuza, weusi wote ukaondoka na maji. Nilifikiria ule mkebe wa mpiga picha, nikaona aibu.

Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikuwa nimeelewa. Utando unataka kukua taratibu. Tulisugua vioo mpaka maji yakatandaa juu yavyo bila kuacha matone. Tukayeyusha chumvi ya risasi, tukatia kostiki mpaka ule weupe uliojitokeza ukapotea, kisha thiourea, yote yakiwa ya baridi. Vioo tuliviegemeza kwa mshazari, ili tope likishuka lisikae kwenye upande unaotazama chini. Tukangoja.

Dawa ikawa na rangi ya chai, kisha ya kahawa. Msichana mmoja mrefu kutoka Mvara, ambaye kwa kawaida hakuongea darasani, alikitoa kioo kwa koleo, akakisuuza, akakiinua.

"Madamu, najiona!"

Ndiyo. Kilikuwa cheusi kinachong'aa, na uso wake ulikuwa ndani yake. Tulikikausha, tukabana nyaya kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, tukaunganisha betri za tochi na galvanomita, kile kipima umeme chenye sindano. Tukakipeleka dirishani. Msichana yule akakifunika kwa daftari, akafunua. Sindano ikasogea. Akafunika tena, ikarudi. Ilisogea kidogo tu, lakini darasa zima lilipiga vigelegele, na kila mmoja alitaka zamu yake. Dawa iliyobaki tuliimwaga kwenye shimo mbali na kisima, kwa kuwa risasi ni sumu, na mikono tuliiosha kwa sabuni aliyonitumia shangazi kutoka Koboko.

Baadaye vita vilitutawanya. Watu wengi wa Koboko walivuka mpaka pale Oraba kwa miguu, na mimi nilivuka nyuma yao. Shangazi nilimkuta upande wa Sudan, mzima, amekaa nje ya kibanda. Nilimshika mikono yote miwili, nikaanza kumshukuru kwa mambo ya miaka mingi, hata sikujua nianzie wapi. Hakuningoja nimalize.

"Umekula?" aliniuliza, akaenda kutafuta sahani.