Anakifundisha Kiunganishi Kukataa

Saa tatu asubuhi, jijini Brno, Drahomíra Vaňková anamega mkate huku simu kaibana begani, na mtu wa upande wa pili anamgombeza.

"Mashine sita zimelala kama maiti, mama! Mayai ya wateja wangu yamepoa. Na programu yako haikukohoa hata kidogo!"

"Haikukohoa, mzee wangu. Ndiyo kosa lenyewe."

Anayefoka ni Bohumil Ryšavý, fundi wa mashine za kutotolea vifaranga. Drahomíra, miaka hamsini na mbili, hutunza kiunganishi: programu inayoshona vipande vya programu nyingine viwe kitu kimoja kinachoweza kuendesha mashine. Kazi hii inamlipa mshahara wa mwalimu wa shule, na malalamiko ya dunia nzima juu yake.

Chaguo moja la kiunganishi hupokea namba ya kupangia vipande hivyo. Bohumil aliandika "4k", akimaanisha elfu nne na ushei. Kiunganishi kikasoma nne, kikaitupa ile herufi, kikaendelea na safari yake; vipande vikakaa pasipo pake, mashine zikazimika.

"Kama mlevi," anasema Drahomíra. "Umtume dukani akalete chumvi, yeye asikie dukani tu."

Jana, Bohumil alipolalamika mara ya kwanza, aliandika dawa: namba ikija na takataka nyuma yake, kiunganishi kigome. Lakini Radovan, kijana anayesimamia toleo jipya, alipoijaribu, programu arobaini hivi za watu wengine ziligomewa. Zote zina kosa lile lile, zimeishi kwa bahati.

"Dada, utawavunjia watu nyumba," Radovan anamwambia sasa, kasimama mlangoni. "Toa onyo tu, yaishe."

Bohumil, bado yuko kwenye simu, amesikia. "Onyo? Kijana, huku kwangu maonyo yanapita kwenye skrini kama mto theluji ikiyeyuka. Wewe unayasoma ya kwako?"

Radovan anakuna kisogo. Hayasomi.

"Haya, kigome," anasema. "Ila desturi unaijua, dada. Anayebadilisha chombo ndiye anayewatengenezea waliovunjikiwa. Ijumaa ikibaki hata programu moja haijapona, dawa yako naiondoa."

Leo ni Jumatano. Drahomíra anafungua programu ya kwanza, anasahihisha namba, anamtumia mwenyewe. Jibu linarudi kabla hajameza mkate: "Imefanya kazi miaka tisa. Wewe nani?"

Anacheka, anamweleza pole pole, anahamia ya pili.

Akifanikiwa, anasema, hatarajii shukrani ya mtu.

"Naomba wanitukane sana. Mtu akinitukana kwa kuwa kiunganishi kimemkatalia, ujue bado yuko mezani kwake. Kosa lake halijafika kwenye mayai."