Bibi Aliposhusha Paa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mimi nasema hivyo kwa heshima. Majirani wanasema kwa namna yao: wananiita mwali. Nyumba yangu iko pembezoni mwa mji wa Singida, huku ambako lami imekata tamaa, na kazi yangu ni kufuga kuku, kazi isiyomlazimisha mtu kuvuka kizingiti. Kwa hiyo mtaa wetu ulipounda kikundi cha kuomba mkopo wa kuboresha makazi, nilichaguliwa katibu. Sifa zangu zilikuwa mbili: nilimaliza kidato cha nne, na ukinitafuta unanipata.

Ukuta kwa ukuta nami aliishi bibi mmoja mjane. Hatukuwa na undugu, lakini aliniita mume wangu kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu. Nyumba yake ilikuwa tembe ya zamani, kuta za udongo na paa la udongo lililobebwa na miti minene ambayo marehemu mumewe aliikata mwenyewe. Paa lilikuwa limechoka. Mvua ikinyesha, maji yalimfuata mpaka kitandani.

"Nataka kufa chini ya bati, mume wangu," alikuwa akisema asubuhi tukiota jua. "Nisife nimekumbatia sufuria ya kukingia maji."

"Usife kabla hujanipikia."

"Nikupikie nini, na wewe hata chumvi huwezi kwenda kununua?"

Taasisi iliyotukopesha haikuwa inatoa fedha mkononi. Ingeleta bati, mbao, saruji na fundi, nasi tungerejesha kidogo kidogo kila msimu baada ya kuuza alizeti au kuku. Kikundi kikifanya vizuri, mtaa ungechimbiwa kisima. Hapo kwenye kisima watu walipiga makofi mpaka mwenyekiti akaomba utulivu.

Hayo yalikuwa ya mkutano wa kwanza. Wa pili sikwenda. Nilituma udhuru kwamba nina kuku anatotoa, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa kuku hakuniomba nimshike mkono. Wakaniletea karatasi ya masharti nyumbani, kurasa mbili, niwasomee wasiojua kusoma. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Ulikuwa umejaa maneno mazuri kuhusu wenye kipato cha chini na maeneo yaliyosahaulika, nikajiona nimeelewa. Karatasi nikaitandika kwenye boksi la mayai.

Bibi alikuja asubuhi yake. "Wanasemaje hao watu?"

"Wanasema wanawasaidia wenye uhitaji. Wiki ijayo wanakuja kukagua, waone kwa macho."

"Waone kwa macho," alirudia, kisha akaondoka akizungumza Kinyaturu peke yake, kama alivyofanya akiwa na jambo la kupanga.

Kwetu mtu akitaka kujengewa hapiti mlango kwa mlango kuomba. Anashusha miti ya paa lake na kuilaza uwanjani, imepangwa vizuri. Anayepita akaiona ameshaalikwa. Kesho yake atakuja na jembe au ndoo ya maji, na mwenye nyumba atakuwa ameandaa pombe ya mtama, na togwa kwa wasiokunywa. Ukiwa bado una paa kichwani, nani ataamini kwamba una shida?

Siku mbili kabla ya ukaguzi nilisikia shoka. Nikatoka mpaka mlangoni, safari ndefu kwangu, nikiwa na kikombe cha chai. Vibarua wawili walikuwa juu ya tembe wakiporomosha udongo, na bibi alikuwa chini, amejifunga khanga mdomoni kwa ajili ya vumbi, anawaonyesha pa kulaza miti.

"Bibi, umeamua kuhamia nje?"

"Naita bati, mume wangu. Wakikuta miti iko chini wataona aibu kuondoka."

Nilicheka. Nilicheka sana, nakumbuka chai ilinimwagikia. Ukurasa wa pili ulikuwa hatua sita nyuma yangu, chini ya mayai kumi na nane.

Afisa aliyekuja alikuwa binti mpole, amebeba kishikwambi cha kupigia picha. Alimwamkia bibi shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akaitikiwa marahaba, kisha akatazama huku na huku.

"Nyumba iko wapi, bibi?"

"Si hii hapa?" Bibi alinyoosha mkono kwenye miti. "Imelala, inawasubiri ninyi."

Binti alishusha kishikwambi. Kisha akaeleza taratibu kwamba mradi ni wa kuboresha nyumba iliyosimama, yenye mtu anayeishi ndani. Ni lazima apige picha ya nyumba pamoja na kibao cha namba. Akipiga kuta zisizo na paa, ofisini watasema hakuna mkazi.

"Mkazi si mimi?"

"Ni wewe, bibi. Lakini picha haitasema hivyo." Akanigeukia. "Katibu, masharti mliletewa. Ukurasa wa pili uliwasomea?"

"Niliwasomea," nikasema.

Bibi alinitazama. Nilitamani anitukane kwa lugha zote mbili.

"Alinisomea," akamwambia binti. "Ni uzee tu, nimesahau."

Nyumba yangu ilikuwa imeinama upande kama mlevi, lakini imesimama. Ikapigwa picha. Bati likaja kwangu.

Nilipanda bodaboda mpaka ofisini kwao mjini. Mtaa mzima ulitoka kutazama mwali anaondoka. Huko nilikiri kosa langu. Walinisikiliza vizuri, wakanipa na kiti. Jibu likawa kwamba bibi ajenge kwanza, ndipo aombe kuboresha.

Majirani nao hawakuja. Walipita, wakaiona miti, wakaendelea na safari. Niliyemuuliza alinijibu, "Huyo si ameandikishwa kwenye mradi? Tumjengee sisi halafu mradi ufanye nini?" Mvua za mwezi wa kumi na mbili zikakuta kuta ziko uchi. Wiki mbili tu, zikarudi kuwa tope.

Nilimhamishia kwangu, chumba cha mbele. Mvua ya kwanza ilipopiga juu yetu, nikajitia kumchangamsha.

"Haya bibi, upo chini ya bati."

"La watu," akasema, akajifunika khanga masikioni. Chini ya udongo, mvua ilikuwa haina sauti. Kelele zile hakuzizoea kamwe.

Kila asubuhi alitoka kwenda kuihesabu miti yake, kwa sababu wapita njia walikuwa wameanza kuiona kama kuni. Akirudi alikuwa ananiambia idadi, kana kwamba katibu anatakiwa kuiandika. Nami niliandika. Ukurasa wa pili hakuutaja hata siku moja, na kuniita mume wangu hakuacha. Mimi ndiye niliyeacha kumtania.

Kifua kilimbana mwezi wa saba, upepo ule wa baridi ulipoanza. Hakumaliza wiki.

Uwanja wangu umejaa mabanda ya kuku, kwa hiyo msiba tuliuweka kwenye kiwanja chake, pale ilipokuwa tembe. Wanawake walileta masufuria, mmoja akaniuliza kuni ziko wapi. Sikuwa nazo, kuni ni kitu cha kwenda kutafuta. Nikamwonyesha miti.

Ilikuwa mikavu, ikashika moto mara moja. Watu walifika tangu asubuhi, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona mtaani kwetu, hata wale ambao hatusalimiani. Wanaume walikuja na majembe ya kuchimbia kaburi. Wanawake walikuja na ndoo za maji kichwani, wakazipanga kwenye uwanja wa bibi, mstari mmoja mrefu, mpaka mlangoni kwangu.