Mbegu ya Shangazi Niliyoisaga Darasani

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kwa miaka tisa niliikana bila kupepesa macho. Mbegu ya mtama ya shangazi yangu haikuliwa na panya. Niliisaga mimi, mbele ya darasa zima, tena nikapigiwa makofi.

Tulikuwa tumerudi kijijini kwetu Makebuko kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepata kazi ya kufundisha historia mjini Gitega, na nilijiona nimebeba taifa zima kichwani. Shangazi, aliyenilea, alikuwa amebeba masuke manane ya mtama mwekundu. Mbegu hiyo aliivusha mpaka akikimbia vita, akaipanda kambini kila mwaka, akarudi nayo. Ulikuwa mtama mchungu kidogo, ndege hawakuupenda, na pombe yake ilisifiwa kilima kizima. Masuke ya mbegu aliyafunga kwa kamba juu ya jiko, moshi uyakinge na wadudu.

Wiki ile nilikuwa nafundisha jinsi kilimo kilivyoanza, na nilitaka wanafunzi waone kwa macho. Jiwe la kusagia niliazima kwa jirani. Nafaka niliitungua juu ya jiko, kwa sababu masuke yale ndiyo yaliyokuwa manene kuliko yote. Sikujiuliza kwa nini manene ndiyo yaliyotengwa. Nikasimama darasani nikaeleza, kwa sauti yangu nzuri ya chuo kikuu, kwamba watu wa kale waligeuka wakulima siku mtu mwenye njaa alipoyatazama masuke bora akakataa kuyala. Nikisema hivyo, mikono inasaga. Yote manane. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile.

Jioni Shangazi alitazama juu ya jiko. "Masuke yangu yako wapi?"

"Labda panya, Shangazi."

Alinitazama kidogo, akaendelea kukoroga maharage. "Panya. Haya."

Msimu uliofuata alipanda mtama wa sokoni. Ndege waliushangilia. Mwaka baada ya mwaka alikaa shambani akiwafukuza kwa kupiga debe, mgongo ukizidi kupinda, nami nikamnunulia mwavuli, nikajiona mtoto mwema.

Mwaka huu aliugua. Alipopata nafuu alisema anatamani kuuona mtama wake mara moja tu kabla hajafa. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, hadi makofi.

"Kumbe ulipigiwa makofi!" Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, panya gani anafungua fundo, halafu anakunja kamba?"

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja."

Kisha akaniambia lililoniumiza zaidi. Kule kambini alimgawia mbegu ileile jirani yake, Mama Domitila, ambaye alirudi kwao Muyinga. Angeweza kumwomba mwaka wowote. Lakini kwa wakulima wa kwetu, anayeomba mbegu huulizwa yake ilipotea vipi, maana hakuna anayetaka kumpa asiyejua kuitunza.

"Ningejibu nini?" Shangazi aliuliza. "Niseme panya, nimdanganye rafiki yangu? Niseme ni wewe, nikuaibishe?"

Basi akafukuza ndege miaka tisa.

Mwanangu, ukikosea, sema mapema. Usidhani uongo wako umelala mahali bila kumsumbua mtu. Tazama vizuri, utamkuta anayekupenda ameubeba, wala hajakudai hata pole. Elimu uipate, tena nyingi, Mungu akujalie. Ila kabla hujatungua kitu cha mtu, muulize kwa nini alikitundika.

Asubuhi iliyofuata nilipiga simu Muyinga, Shangazi ameketi kando yangu.

"Mama Domitila, ni mimi, mtoto wa Makebuko. Tunaomba mbegu ya mtama."

"Ile yenu ilienda wapi?"

"Niliisaga mimi, mama. Darasani. Nilikuwa nafundisha mwanzo wa kilimo."

Nikamsikia akiwasimulia waliokuwa nyumbani kwake, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

"We mwalimu, ulisoma miaka mingapi?"

"Kumi na saba, mama."

"Eh, pole sana. Mbegu iko. Kuja we mwenyewe uichukue. Na mwambie dada yangu aanze kulima, Mungu atawapa mvua."