Koroboi Dirishani

Juzi, taa za Krismasi zilizokuwa zikimetameta katika duka moja hapa Sumbawanga zilinirudishia harufu ya mafuta ya taa.

Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa baba akiwa Kipili, ziwani, alikokwenda kuvua. Nyumba zote zilifanana. Alasiri ya Krismasi ukungu ulishuka, mama akawasha koroboi na kuiweka dirishani. Nilipiga makofi kwa furaha.

"Mama, mbona wenzetu hawajapamba?"

"Wenzetu baba zao wapo, mwanangu."

Alifuta macho, nilidhani ni moshi.

Baba alikuwa hajawahi kuiona nyumba ile. Angeitambuaje kwenye ukungu? Habari za kuzama kwa mtumbwi wake zilifika baadaye, mimi sikuambiwa. Kila Krismasi mama aliiwasha tena, nami nikapiga makofi.