Njahi, Uwatu na Kichwa cha Samaki

Nakumbuka siku moja ya baridi pale Kangemi, nimesimama nje ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe, kichwa cha samaki kimefungwa kwa gazeti mkononi, na sijui kama nibishe hodi au nirudi nilikotoka. Maji ya samaki yalikuwa yananidondokea viatuni. Ndani, mtoto wangu wa kwanza alikuwa analia. Mwanangu, ukiwahi kusimama mlangoni pako ukajiona mgeni, utanielewa.

Sijafikia umri wa kuitwa mzee, lakini vijana ninaokutana nao siku hizi wananiita hivyo, hasa wale wanaotarajia mtoto, na wananiuliza mama mzazi alishwe nini. Huwa nasita. Niwaambie ninachokijua? Ninachokijua kinanichanganya mpaka leo. Basi nawasimulia habari ya kile kichwa cha samaki, wachambue wenyewe.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Simu tulikuwa nayo moja, na nilitembea nayo mimi. Nilikuwa nauza vitambaa katika duka la familia moja ya Kihindi katikati ya jiji. Tulikaa chumba kimoja kwenye ploti ya Kangemi, upande wa chini wa barabara kuu, ambapo ukiinua macho unaona miti ya Loresho ng'ambo ya pili. Mke wangu, Mwikali, alikuwa amejifungua msichana, tukamwita Mwende.

Maziwa hayakuja. Yalitoka matone tu. Mtoto ananyonya kidogo, anaachia, analia, anachoka, analala, anaamka na njaa ileile. Nesi wa kliniki alimpima, akasema turudi wiki inayofuata. Kama uzito haujapanda, aanzishwe maziwa ya kopo. Sina neno na maziwa ya kopo, watoto wengi wamekua nayo. Lakini Mwikali alitaka kumnyonyesha mwanawe mwenyewe, na maneno ya nesi aliyapokea kana kwamba ameambiwa hafai kuwa mama. Tulitoka pale analia barabarani, ameficha uso kwa shuka la mtoto. Nami nikajiapiza kwamba wiki haitaisha kabla sijapata chakula cha kuleta hayo maziwa.

Mama yake akaja kutoka Makueni kumwangalia. Sasa hapo, mwanangu, lazima nikueleze jambo. Kwetu Wakamba, mwanamume na mama wa mke wake huoneana haya. Hamshikani mikono, hamketi pamoja kula, na chumba kimoja chenye kitanda cha binti yake hakiwezi kuwaingiza nyote wawili. Wengine siku hizi wanalicheka jambo hilo. Mimi sikulicheka. Nilikusanya nguo zangu nikahamia kwa rafiki yangu Odhiambo, ploti ya pili. Na kwa kuwa mama alimkataza Mwikali kutoka nje kwenye baridi ile ya Julai, ikawa kila jioni nafika hadi bombani uani, naweka nilicholeta, na jirani yetu Mama Njeri anakiingiza ndani, kisha ananiletea maneno ya ndani.

Mama Njeri alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu utakapomsikia mbele utataka kumkasirikia. Alikuwa amelea watoto watano kwenye ploti ileile, na hakuna sufuria ya jirani ambayo hakuwahi kuifunua kifuniko na kuuliza imewekwa nini.

Kazini nilikuwa siwezi kupima hata mita moja ya kitambaa bila kukosea. Odhiambo, ambaye tulikuwa tunauza pamoja, akaniona.

"Buda, mbona uko hivyo? Mtoto amekataa jina?"

Nikamweleza.

"Hiyo tu? Kwetu mama akizaa ni supu ya samaki. Kichwa cha mbuta, nyanya, chumvi, maji mengi. Mafuta usiweke hata kidogo. Chemsha mpaka macho yatoke. Akinywa hiyo, maziwa ni kama bomba imepasuka."

"Umeona wapi?"

"Mamangu alinyonyesha mapacha. Niangalie!" Akajipiga kifua.

Mama wa tajiri wetu, bibi mzee tuliyemwita Ba kama wajukuu wake walivyomwita, alikuwa akiletwa dukani kila asubuhi na dereva kutoka Kitisuru, anakaa karibu na kaunta na kutusikiliza sote. Akainua mkono.

"Samaki? Hapana, hapana! Mama ya mtoto kula samaki, maziwa nakuwa na harufu. Wewe ngoja."

Kesho yake akaja na kopo la viduara vya rangi ya udongo, kila kimoja kikubwa kama limau dogo. Akanieleza vinavyotengenezwa: uwatu uliosagwa, unakaangwa taratibu kwa samli pamoja na unga wa ngano, unatiwa sukari guru na tangawizi kavu, unafinyangwa ungali moto.

"Moja asubuhi. Moja tu! Na wewe usikule. Wewe hapana zaa."

Duka zima likacheka. Nikacheka nami, lakini nilivyoondoka pale nilikuwa nimeshachanganyikiwa, maana Odhiambo alinifuata mpaka mlangoni akininong'oneza kwamba uwatu ni mchungu, na uchungu humfikia mtoto.

Kisha kulikuwa na Mama Njeri mwenyewe. Yeye na njahi, yale maharagwe meusi ya Wakikuyu! Zichemshwe mpaka mchuzi uwe mweusi kama wino, mama anywe kwanza ule mchuzi, halafu njahi zenyewe zipondwe pamoja na ndizi mbivu. Kila jioni alikuja bombani akipangusa mikono kwa leso.

"Baba Mwende, mama anasema ulete njahi."

Nikaleta. Kesho yake: "Mama anasema zile peremende za Kihindi ziko sawa, lakini njahi ziongezwe." Siku nyingine: "Mama anasema uji wa wimbi, na maziwa ya ng'ombe ya kuutilia."

Nilikuwa najiuliza: tangu lini mama wa Makueni akatamani njahi? Lakini nitamuuliza nani? Aliye ndani siwezi kusema naye, na aliye nje ndiye anayenijibu. Nikazidi kununua. Kina mama wa kanisani nao wakawa wanapishana mlangoni na mabakuli. Kila nilipouliza hali ya mtoto, Mama Njeri alinijibu, "Anajaribu, Baba Mwende, anajaribu." Nikaenda kulala na neno hilo. Mtoto mchanga anajaribu nini?

Siku ya kichwa cha samaki, kliniki ilikuwa imekaribia, nami nikaamua kujaribu hata dawa ya Odhiambo. Nilifika bombani, Mama Njeri hayupo. Alikuwa ameenda kununua mafuta ya taa. Nikasubiri. Mtoto akalia. Nikasogea hatua moja, na nyingine, hadi mlangoni, na hapo ndipo nikakwama kama nilivyokuambia. Nikakohoa.

Ndani mtoto akabembelezwa. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe wangu, karibu sana, upande wa pili wa mbao.

"Sisemi na mtu," alisema. "Ninasema na mlango huu."

Nikasimama wima kama niko mbele ya mwalimu.

"Mlango, siku niliyofika niliomba maji ya kutosha, na watu wapungue. Nikaletewa njahi. Nikadhani maneno yamepotea njiani, nikaomba tena. Zikaja peremende za Kihindi. Nikasema, labda mkwe wangu hanisikii kwa kuwa mimi ni mtu wa mashambani. Leo nasikia harufu ya samaki. Mlango, hebu nijibu, huyu mtu anataka kufungua hoteli?"

Nyuma yake nikamsikia Mwikali, anacheka au analia, sikuweza kutofautisha.

"Baba Mwende, nimeshiba mpaka shingoni! Kila anayeingia ana bakuli, na hatoki mpaka aone nimemaliza. Mtoto akitafuta titi ananikuta na kijiko. Silali, yeye halali. Mimi ni mtu, si sufuria!"

Wakati huo Mama Njeri akaingia uani na kibuyu chake cha mafuta ya taa. Alitazama mlango, akanitazama mimi, akatazama gazeti lililolowa.

"Haiya! Kwani mnaongea?"

"Mama anasema aliomba watu wapungue," nikamwambia. "Mbona hukuniambia?"

"Alisema watu. Mimi ni watu?" Alishangaa kabisa, hakuwa anaigiza. "Mimi nilijua ni wale wengine. Na hao wengine nitawafukuzaje, na ni mimi niliwaita?"

"Na njahi?"

"Hiyo ni mimi, sikatai. Nimelea watano kwa njahi, Baba Mwende. Nilijua mama angesema hivyo tu, kama angezaliwa kwetu."

Sikujua nicheke au nikasirike. Ule mlango ndio uliotuokoa, kwa sababu sauti ilirudi, polepole sasa.

"Mlango, mwambie mkwe wangu ninamheshimu. Lakini umesikiliza jiji lote, hukusikiliza chumba hiki."

"Mlango," nikasema, "mwambie mama nimesikia. Nilete nini?"

"Maji. Kisha ukae hapo nje, mtu asipite. Na hicho kichwa mpe Mama Njeri, asilale njaa leo."

Nikaomba ruhusa kazini. Ba alinipa, akaninung'unikia, akanipa na kopo lingine. Nikageuza mtungi mtupu ukawa kiti changu, nikaketi nje ya chumba changu, nachota maji, nafua nepi, nasugua sufuria. Wapita njia walipata la kusema.

"Leo Kangemi tumepata askari wa geti kama matajiri wa Lavington!"

"Baba Mwende, unalipwa kwa mwezi au kwa nepi?"

Kina mama wa kanisani walipokuja niliwapokea kwa heshima, nikawaambia mama na mtoto wamelala, nikashukuru, nikapokea mabakuli. Waliokuwa na kinyongo wakaenda na kinyongo. Chakula nilikula mimi na Odhiambo. Nadhani maziwa yangekuwa yanatoka kwa wanaume, mimi ningenyonyesha ploti nzima. Ndani, mtoto aliwekwa kifuani kwa mama yake akaachwa hapo kutwa, anyonye, asinzie, anyonye tena, pasipo mtu wa kumkatiza. Mama Njeri alivumilia asubuhi moja, kisha akaja akaketi kando yangu na ndoo yake, tukafua pamoja. Hakusema lolote kuhusu njahi. Najua ilimgharimu.

Siku ya kliniki mama mkwe alibaki nyumbani, nikampeleka Mwikali mimi. Mtoto akawekwa kwenye mizani, akapiga mateke. Nesi akainama, akaangalia, akaangalia tena.

"Umepanda. Endelea hivyohivyo."

"Hivyohivyo vipi?" Mwikali akauliza.

"Hivyo ulivyokuwa unafanya," akasema nesi, akaita mwingine.

Mwanangu, tulitoka pale tumeshikana mikono, tunacheka kama wehu, na hapo ndipo mkanganyiko wangu ulipoanza upya. Ba aliponiona alipiga makofi: "Ona! Uwatu!" Odhiambo akaapa kwamba hata harufu tu ya kile kichwa mlangoni ilitosha kuanza kazi. Kwenye ploti, Mama Njeri aliwaeleza watu kwamba njahi hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kuonyesha matunda. Kliniki iliyofuata nesi akasema ni mtoto mwenyewe anayeyaita maziwa kwa kunyonya mara nyingi, na mama akipumzika. Neno hilo nililishika, nikadhani nimefika. Halafu Mwikali akanifungulia lingine: kila alfajiri mama yake alikuwa akimpikia uji wa mtama aliokuja nao kutoka Makueni, na akamwambia asimtajie mtu. Na yeye mwenyewe, Mwikali, hakuwahi kuacha kiduara cha Ba cha asubuhi, kwa sababu kilikuwa kitamu.

Basi nikuambie nini? Tangu wakati huo sijatulia mahali pamoja. Nimekaa Mombasa, wakaniambia ni uji wa pilipili manga. Nimekaa Kisumu na Eldoret, kila mji na chungu chake. Nimevila vyote, vyote ni vitamu, na kila aliyenipa alikuwa na mtoto mnene wa kunionyesha. Wakati mwingine nikipita ile barabara kuu nashuka, naingia Kangemi, nautafuta ule ua. Nyumba za mabati zimeondolewa, wamejenga ghorofa. Sijui hata mlango wetu ulikuwa wapi.

Nisikilize sasa. Ukitaka kumshauri mtu juu ya chakula, mwambie, "Mimi nilikula hiki, nikaona hivi," kisha unyamaze. Usimwambie kwamba bila hiki mtoto wake atakonda. Ukimpelekea bakuli, tazama kwanza kama sufuria zake zimeoshwa. Zikiwa chafu, weka bakuli chini uzioshe. Ukitumwa neno na mtu, lifikishe kama lilivyo, hata kama linakuhusu wewe, na hasa kama linakuhusu wewe. Na wewe baba kijana, kabla ya kuuliza jiji zima, tafuta namna ya kumuuliza aliye kitandani, hata kama itabidi useme na mlango. Vyakula, mtakula. Tena vijaribuni vyote, kwa wakati wake.

Mungu akujalie mtoto anayelala ameshiba, mama wa mtoto aliyepumzika, na majirani wanaopenda kuingia kwako na wanaokubali kungojea nje. Akupe riziki ya sufuria moja inayotosha. Na siku utakapoulizwa na kijana kilicholeta maziwa, nawe hujui, akupe moyo wa kumwambia hujui, kisha ukamchotee maji.