Fundi Aliyekwama Illasit

Mama alipoteleza kwenye mfereji wa kumwagilia nyanya akavunjika mguu, kila mtu alinipa ushauri ule ule: mlete kwako Kitengela. Ni rahisi kusema hivyo kama hujakutana na mama. Mguu ulifungwa plasta mpaka gotini, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa.

"Mimi sitoki hapa," aliniambia kwa simu. "Huko kwenu nitakuwa kuku mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Baba yako amelala hapa. Kuku wangu wako hapa. Nikuje kufanya nini, kuangalia ukuta?"

Basi nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi. Ni mtu wa kaskazini mashariki aliyeanza na duka la dawa za mifugo hapo Kitengela, kisha akaona wenye maduka wenzake wanahitaji programu ya kuuzia na kujua dawa gani imebaki. Programu hiyo tunaitengeneza sisi watu wachache, ghorofa ya juu ya duka lake. Nilimwomba nifanyie kazi Illasit, nyumbani kwa mama, mpaka aweze kutembea. Alinisogezea kikombe cha chai.

"Dada, mama ni mama, hapo sina neno. Lakini huko network iko? Alhamisi programu mpya lazima itoke, watu wa maduka wanangoja. Ukiitoa ukiwa huko, kaa na mama mpaka apone. Ikikushinda unarudi ofisi, na mama unakuja na yeye. Tumeelewana?"

Tukaelewana, ingawa mama hakuulizwa.

Hapa lazima nieleze kidogo kuhusu fundi. Programu kubwa haiandikwi yote na mtu mmoja. Sehemu nyingi huazimwa: ya kusoma tarehe, ya kuchapisha risiti, zote zimeandikwa na watu wa mbali nisiowajua, wakaziweka mtandaoni mwenye haja achukue. Kila sehemu nayo inategemea nyingine, na hizo zina zake, kama wageni wa mahari: unaalika watano, wanateremka ukoo mzima. Kuzikusanya kwa mkono ni wazimu. Kwa hiyo tuna kifaa, nacho ni programu vilevile, ambacho ofisini tunakiita fundi. Unamwandikia unachotaka, anakifuata mtandaoni pamoja na jamaa zake wote, anaviweka ghalani ndani ya kompyuta, anaviunganisha na kazi yako, anaijaribu, kisha anaifunga tayari kwa wateja. Nampenda huyu fundi. Haombi chai, wala haendi msiba kila ukimlipa nusu.

Akiba haiozi, kwa hiyo kabla ya kuondoka Kitengela nilimwamuru avute kila kitu ghalani, ili Illasit afanye kazi bila mtandao. Akavuta, akasema amemaliza. Nikajiona mjanja sana.

Siku za kwanza zilikuwa tamu. Asubuhi nilimwogesha mama, nikamtoa nje kwenye kiti akiutazama Mlima Kilimanjaro na kuwatukana ndege waliodonoa nyanya zake. Mimi niliandika programu mezani, mlango wazi. Sijui mara ya mwisho nilipofanya kazi huku nikisikia mtu akinipigia kelele ninywe uji. Nilikuwa na furaha, na nilijua ninayo.

Alhamisi mtandao ulipotea kama nilivyotarajia. Pale kwetu mpakani simu hudaka mawimbi ya Tanzania, kisha inakaa tu bila kufungua chochote. Sikujali. Nilimwambia fundi afanye kazi na vya ghalani. Akaunganisha vizuri, akafika kwenye majaribio, akasimama. Kuna kipande kimoja hana, akasema.

Nilisoma maneno yake mara mbili ndipo nikaelewa. Kile kinachoendesha majaribio chenyewe huazimwa, na fundi hukikumbuka tu anapofika kwenye majaribio. Kule Kitengela nilimwambia avute, sikumwambia ajaribu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nilirusha ndala mlangoni, kuku wakatawanyika.

"Unatukana nani?" mama akauliza kutoka nje.

"Fundi! Amekuja kazini bila nyundo!"

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, mwaitu, mama yangu, tunaenda Kitengela sisi wote."

Baadaye kidogo aliniomba nimsaidie kurudi chumbani, eti jua limemchosha. Nikamsaidia, nikarudi mezani.

Iko njia ya kumwambia fundi aruke majaribio, na vidole vyangu vilishafika hapo. Lakini programu hii ndiyo inayomkataza muuzaji kutoa dawa iliyopitisha tarehe. Ng'ombe wa mtu hawezi kuwa jaribio langu. Nikaondoa vidole.

Nyumbani kwetu mtandao wa Kenya una kiti chake: msumari juu ya mlango wa jikoni. Ukitundika simu pale, na hewa ikiwa tulivu, meseji zinaingia. Nikatundika yangu, nikailazimisha iachane na Tanzania, nikaweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilichuchumaa kwenye moshi wa kuni nikimbembeleza fundi kwa majina ambayo sijawahi kumwita mwanamume. Kipande kilivutwa, kikakatika, kikavutwa tena. Kikaingia. Majaribio yakapita yote. Fundi akaifunga programu, nikaituma kabla mawimbi hayajabadili nia, na mkubwa akaandika: "Mashallah. Kaa na mama."

Nilikimbilia chumbani nikipiga vigelegele. Mama alikuwa ameketi kitandani, na kando yake palikuwa na begi lililofungwa. Nilidhani ni nguo za kufua. Nikalifungua: gauni la kanisani, Biblia, dawa zake, na maharagwe ya mbegu yaliyofungwa kwenye leso.

"Si ulisema hutoki?"

"Nilisema. Lakini nimesikia vile hiyo mashine inakusumbua. Nikuache ufutwe kazi juu ya kuku?"

"Na maharagwe je?"

"Si uko na ka-balkoni huko kwako, nitayapanda hapo."

"Programu imetoka, hatuendi popote," nikamwambia. Nilirudisha gauni kabatini na Biblia chini ya mto. Chini kabisa ya begi palikuwa na ufunguo wa nyumba, ameufungia kitambaa chekundu ili amwachie jirani wa kutunza kuku. Nikamwekea kiganjani. Aliukamata kwa mikono miwili, akauweka kifuani, na hapo ndipo nikajua alivyokuwa ameogopa.