Bafu la Vigae na Mguu wa Mama Mkwe

Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipopiga nyundo ya kwanza kwenye ukuta wa bafu letu la nje. Mkosaji ni mimi. Nasema mapema ili asije mtu kunitetea.

Ninaishi nje kidogo ya mji wa Machakos. Jina langu halina faida kwenu. Shule niliiacha darasa la saba, na mengine yote nimejifundisha katika vitabu kuukuu: umeme, hesabu, ujenzi. Watu wa aina yangu ni hatari, ndugu zangu! Aliyefundishwa na mwalimu huwa amewahi kukosolewa. Mimi angenikosoa nani? Kitabu hakibishi.

Mwaka ule wa 2003 nilikuwa na akiba ya kutosha bafu la wastani, si la matajiri. Nilipanga kwa miezi minne. Nilichora kwa rula kwenye karatasi ya miraba. Nilipima urefu wa mke wangu ili sabuni ikae mahali mkono wake unapofika bila kuinama. Nilihesabu vigae hadi kile cha mwisho cha kukatwa nusu. Kichumba tulichowekea magunia ya mahindi kingekuwa bafu, mlango wake ukitazama sebuleni, kwa sababu kuufungulia upande wa nyuma kungegharimu zaidi. Na mawe ya bafu la nje yangejenga msingi wa tangi la maji. Hakuna kitu kingepotea. Mpango safi kabisa!

Mke wangu aliutazama mchoro akiwa bado na unga mikononi.

"Baba Mutheu, hilo la nje liache lisimame."

"Lisimame lifanye nini? Nyumba moja, mabafu mawili, sisi ni lojingi ya wageni?"

"Na mama akija?"

"Mama akija ataoga ndani kama watu wa siku hizi. Ama ngozi yake inaogopa vigae?"

Hakucheka. "Haya. Wewe ndiye umesoma."

Nikalichukua neno hilo kama sifa. Mjinga mimi!

Asiye Mkamba nimweleze jambo ambalo mtoto wa Kikamba hulijua kabla hajajua kufunga viatu. Kati ya mwanamume na mama wa mkewe kuna nthoni, yaani heshima iliyochanganyika na haya. Mama mkwe hawezi kuvua nguo mahali mkwewe anapovua zake, sembuse kutoka hapo amejifunga leso na kupita mbele ya kiti chake. Nilijua haya yote. Nilidhani tu kwamba vigae vingeyafuta. Vitabu vyangu havikuwa na ukurasa wa nthoni. Nadhani viliandikwa na watu wasio na wakwe.

Bafu likaisha. Lilipendeza, sisemi uongo. Maji ya mfereji yalikuja siku mbili kwa wiki, kwa hiyo siku nyingine tulisimama juu ya vigae vya kung'aa tukijimwagia maji kwa kikombe kutoka kwenye beseni. Ufundi mkubwa!

Miezi miwili baadaye mama mkwe alikuja kutoka kijijini kwao Muthetheni. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kisiginoni kidonda kilichokataa kupona. Hospitali ilitaka aje kisafishwe na kufungwa upya kila baada ya siku mbili, ndiyo sababu akakaa kwetu. Alilala na binti yetu Mutheu katika chumba cha uani.

Siku ya kwanza hakuoga. Ya pili pia. Aliosha mguu tu, kwenye karai, amekaa kitandani. Siku ya tatu jioni alichukua fimbo yake, akatia leso na sabuni kwenye mfuko wa plastiki, akavuka barabara kwenda kuoga kwa jirani yetu Mama Ndunge. Bafu la Mama Ndunge ni mabati manne na jiwe la kusimamia.

Mama Ndunge alinikuta dukani, watu wamejaa.

"Shemeji, nasikia uko na bafu kama la hoteli ya Nairobi. Mbona wageni wako wanaoga kwangu? Ama hapo kwako mtu analipia mlangoni?"

Duka zima likacheka. Mwenye duka aliacha kupima sukari ili acheke vizuri.

Mtu mwenye akili angesema, "Ni kweli, nilikosea," akanunua mabati jioni ileile. Mimi nilinunua kufuli!

Nilimpelekea Mama Ndunge, nikamwambia kwa uso mkavu kwamba daktari amemkataza mgonjwa kuvuka barabara, lakini mama ni mkaidi, kwa hiyo alifunge bafu lake kwa faida ya mama mwenyewe. Daktari hakusema neno kama hilo. Nilipiga hesabu kwamba akikosa pa kwenda ataingia kwangu, na mtaa utanyamaza.

"Una hakika, shemeji?"

"Mimi nikudanganye juu ya mgonjwa?"

Jioni nilimwona mama mkwe kutoka dirishani akirudi polepole, leso bado kavu ndani ya mfuko. Kesho yake alimwambia mke wangu kwamba amewakumbuka mbuzi wake, na wala hakungoja chai. Mke wangu alimsihi hadi stendi ya magari. Mimi nilibaki nikipangusa vigae!

Kwao zahanati ilikuwa mbali. Kidonda kilikaa wiki tatu bila kuguswa na mkono wa daktari. Aliporudi Machakos alikuwa amebebwa na wanawe, na mguu unanuka. Madaktari waliukata chini ya goti.

Mama Ndunge alipokuja kumpa mke wangu pole, aliuliza kwa wema tu, "Na yule daktari aliyemkataza kuvuka barabara, sasa anasemaje?"

Mke wangu aligeuka. Alinitazama mpaka akaelewa yote.

"Kwa sababu watu walicheka dukani?" akaniuliza.

Tangu siku hiyo yeye naye huoga kwa Mama Ndunge. Bafu la vigae ni langu peke yangu, nilitumie nitakavyo!

Wewe unayepanga bafu sasa hivi, penseli sikioni, usiniulize mteremko wa maji wala bei ya saruji. Hayo niliyapata sawasawa. Muulize mkeo mama yake ataoga wapi, na akikujibu, funga mdomo. Na ukikosea watu wakakucheka, waache wacheke. Kicheko hakikati mtu mguu!

Mama mkwe nilimtumia pesa za mguu wa bandia, kwa mkono wa shemeji yangu. Alizirudisha baada ya wiki moja, zimefungwa kwa uzi uleule niliozifungia. "Mama anashukuru," shemeji aliniambia akiwa amesimama mlangoni, "lakini anasema ana wanawe." Nilizihesabu baada ya yeye kuondoka, maana ndivyo nilivyo. Hakuna hata noti moja iliyopungua. Kwa hesabu zangu za vitabuni, basi, hapo nimeokoa shilingi elfu kumi na nane.